Dawa mkononi mwa muuguzi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yametoka wodini: kwa wanafunzi walio kwenye mafunzo kwa vitendo, kwa wauguzi wa zahanati wanaoshika zamu peke yao, na kwa ndugu wanaouguza. Dozi zilizotajwa ni zile za kawaida. Mwongozo wa taifa wa matibabu mnaoutumia kazini ukisema tofauti, fuata mwongozo. Humu majina ya dawa yameandikwa kwa matamshi yetu ili yasomeke. Kwenye chati usifanye hivyo: andika jina kama lilivyo kwenye boksi, herufi kwa herufi.

## Mambo ya msingi

1. Haki tano za kutoa dawa ni zipi, na mbona wengine wanasema sita au kumi?

Mgonjwa sahihi, dawa sahihi, dozi sahihi, njia sahihi, wakati sahihi. Wengine huongeza kumbukumbu sahihi, sababu sahihi, haki ya mgonjwa kukataa, na orodha inazidi kurefuka. Usigombane na mwalimu wako kuhusu idadi. Kitu chenye faida zaidi ni kusoma lebo mara tatu: unapoitoa dawa kabatini, unapoivuta au kuihesabu, na kabla hujakirudisha au kukitupa kichupa. Ile mara ya tatu ndiyo watu huiruka. Mimi makosa yangu mengi nimeyanasa hapo, bomba likiwa tayari mkononi.

2. Nimtambueje mgonjwa wodi ikiwa imefurika?

Namba ya kitanda si mgonjwa. Wodi ikijaa watu hulala mzungu wa nne, na mmoja akienda msalani mwenzake anahamia upande wenye feni. Ukiita "kitanda cha 7" unaweza kumchoma jirani.

Usiulize pia, "Wewe ndiye Mwanaidi?" Mwenye homa kali, au bibi anayemheshimu kila aliyevaa sare, ataitika "abee" kwa jina lolote utakalomwita. Uliza, "Bibi, jina lako kamili nani?" Halafu linganisha na faili, na uongeze kitu cha pili: umri au namba ya faili. Kwa mtoto, hakikisha umeuliza jina la mtoto. Mama wengi hutaja la kwao, na "Mama Juma" wanaweza kuwa watatu wodi moja.

3. Mwandiko wa daktari hausomeki. Nifanyeje?

Usikisie. Wala usimwite mwenzako aje mkakisia wawili. Mtafute aliyeandika, na ukimkosa mtafute aliye zamu. Klopromazini na klopropamidi zinatofautiana herufi chache tu, lakini ya kwanza ni ya maradhi ya akili na ya pili hushusha sukari.

Agizo la simu lichukuliwe kwa dharura tu: liandike papo hapo, lisome kwa sauti daktari akisikia, na asaini akifika. Namba tajianeni kwa Kiswahili. "Fiftini" na "fifti" hukaribiana sana kwenye simu yenye kelele. "Kumi na tano" na "hamsini" hazikutani popote.

## Saa, lebo na dozi iliyopitwa

4. Kwa nini saa za dawa zinachanganya kiasi hiki?

Kwa sababu tunasoma saa za aina mbili kwa wakati mmoja. Chati inafuata saa ya kizungu, mdomo wetu unafuata saa ya Kiswahili. Dawa ya kila baada ya masaa manane huandikwa 06:00, 14:00, 22:00. Kwetu hizo ni saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku. Mtu akikuta "8" peke yake kwenye karatasi, ni 08:00 au saa nane mchana? Hakuna awezaye kujua.

Kosa hili nimelifanya mwenyewe. Mtoto alipewa dozi ya kwanza ya dawa mseto ya malaria saa tano asubuhi, na dozi ya pili ilitakiwa masaa manane baadaye, yaani saa moja usiku. Nikamwambia mama yake, "Umpe tena baada ya saa nane." Yeye akaangalia simu, akasubiri saa nane ipite, na saa nane na nusu mchana akampa. Dozi mbili ndani ya masaa matatu na nusu. Mtoto hakudhurika, lakini mama alifanya sawasawa na nilivyosema. Kiswahili changu ndicho kilichokuwa na milango miwili.

Tangu hapo nasema "masaa manane", walimu wa sarufi wanisamehe, ninapohesabu muda, na "saa nane mchana" ninapotaja wakati. Kwenye chati andika tarakimu nne: 0800, 1400, 2000. Kwenye kukabidhiana zamu, "ya saa mbili nimempa" haitoshi; sema asubuhi au usiku. Na mgonjwa asiyetazama saa mfungie dawa kwenye jambo analolifanya kila siku: adhana ya alfajiri, chai, kuingiza kuku bandani.

5. "1x3" kwenye bahasha ya dawa maana yake nini?

Kidonge 1, mara 3 kwa siku. Huwa tunaandika kisha tunasoma "kimoja kutwa mara tatu", tukadhani tumeeleweka. Wapo wanaosikia "vitatu kwa mpigo", na wapo wanaosikia "kwa siku tatu". Halafu "kutwa" kwa watu wengi ni mchana tu: jua likizama kutwa imekwisha, na dozi ya usiku haimo. Kwa antibaiotiki hiyo ni hasara.

Dawa yake: mgonjwa akuambie yeye. "Haya baba, nielekeze utakavyomeza ukifika nyumbani." Dakika moja.

6. Dozi imepitwa. Nitoe sasa, niache, au nitoe mbili?

Mbili kwa pamoja, hapana. Kwa dawa nyingi za kumeza nyumbani, akikumbuka mapema ameze. Ikiwa dozi ifuatayo imekaribia, aiache iliyopita aendelee na ratiba. Wodini ni tofauti kidogo: antibaiotiki ya sindano, dawa ya degedege na artesuneti (sindano ya malaria kali) zikichelewa zitolewe mara moja, daktari aarifiwe, na saa za mbele zipangwe upya. Chati isiachwe na pengo. Pengo halisemi kama mgonjwa alikataa, alikuwa eksirei, au dawa iliisha, na wa zamu ijayo anaweza kulijaza kwa dozi ya pili.

## Hesabu

7. Nakokotoaje dozi ya mtoto?

Anza na mzani. Umri hudanganya, mtoto wa miaka miwili anaweza kuwa na kilo 8 au 14. Kisha: unachotaka, gawanya kwa ulichonacho, zidisha kwa ujazo wake.

Mtoto wa kilo 12 ana homa. Parasetamoli ni miligramu 15 kwa kilo: 15 × 12 = 180. Syrupu iliyopo ina miligramu 120 katika mililita 5. Basi 180 ÷ 120 × 5 = mililita 7.5, isizidi mara 4 ndani ya masaa 24. Soma chupa kila mara, kwa kuwa matone ya watoto wachanga huwa makali zaidi kwa kila mililita kuliko syrupu, na chupa zake zinafanana.

Mama usimpe kipimo cha "kijiko kimoja na nusu". Vijiko vya nyumbani havilingani. Mpe bomba lisilo na sindano, lichore kwa kalamu mahali pa kuishia. Na jibu lako likitaka uvunje ampuli 4 kwa mtoto mmoja, hesabu ina kosa. Simama, mwite mwenzako aikokotoe peke yake bila kuona jibu lako.

8. Matone ya dripu nayahesabuje bila mashine?

Zidisha mililita kwa idadi ya matone yanayofanya mililita 1 (imeandikwa kwenye pakiti ya mpira wa dripu, mara nyingi 20, ya watoto 60), gawanya kwa dakika. Lita 1 kwa masaa 8: 1000 × 20 ÷ 480 = kama matone 42 kwa dakika. Hesabu kwa sekunde 15. Yakiwa 10 au 11 uko sawa. Rudi baada ya nusu saa: mgonjwa akikunja mkono dripu inasimama, na ndugu akiona imesimama anaifungulia yote.

9. Kwa nini tunakatazwa kuandika "U" na sifuri ya mwisho?

"4U" ya insulini iliyoandikwa haraka husomeka 40. "5.0" yenye nukta hafifu husomeka 50. Na ".5" husomeka 5. Andika neno "yuniti" lote, 5 bila sifuri, na 0.5 yenye sifuri mbele.

## Njia ya kutolea

10. Wagonjwa wanataka sindano kwa kuwa "inaponya haraka". Ni kweli?

Kwa anayetapika, aliyezimia, au mwenye malaria kali, ndiyo, na hapo hakuna mjadala. Kwa mtu anayekula na kunywa, kidonge sahihi kinafanya kazi ileile bila jipu, bila sindano ya bure na bila hatari ya kujeruhi mshipa wa fahamu. Nimeona watoto wakivuta mguu baada ya kuchomwa takoni mahali pasipofaa. Ikibidi tako, iwe robo ya juu upande wa nje. Mtoto mdogo mchome pajani, upande wa nje katikati.

Diklofenaki nayo imegeuzwa kuwa sindano ya kila maumivu. Usimpe mwenye vidonda vya tumbo, figo mbovu, mjamzito wa miezi ya mwisho, wala anayeshukiwa kuwa na dengi.

Na ile benzathini penisilini, nyeupe kama maziwa, ni ya msuli tu. Vuta bomba kidogo uone kama damu inaingia. Ikiingia kwenye mshipa wa damu inaweza kusimamisha moyo.

11. Naweza kusaga kidonge au kufungua kapsuli?

Dawa mseto ya malaria, ndiyo, saga umchanganyie mtoto. Amoksisilini ya watoto yenye miligramu 250 imetengenezwa iyeyuke kwenye maji kidogo, kijiko kinatosha. Lakini dawa inayoachia polepole, kama nifedipini ya kumeza mara mbili kwa siku, ukiisaga dozi ya masaa 12 inatoka kwa mkupuo. Dawa zenye ganda la kuzuia tindikali ya tumbo nazo zisisagwe.

12. Dawa mbili kwenye bomba moja, inaruhusiwa?

Usifanye isipokuwa umeandikiwa na unajua zinapatana. Jentamaisini na penisilini zikikutana bombani, penisilini inaua nguvu ya mwenzake. Toa moja, safisha kanula (kimpira kilichomo mshipani) kwa maji ya chumvi, kisha nyingine. Seftriaksoni, antibaiotiki ya sindano, haipatani na dripu ya ringa lakteti kwa sababu ya kalsiamu: hufanya chembechembe, na kwa mtoto aliye ndani ya siku 28 za kwanza imewahi kuua. Seftriaksoni iliyochanganywa na lignokaini (dawa ya ganzi) ni ya msuli pekee, kamwe isiingie kwenye mshipa wa damu.

## Hali tunazokutana nazo kila siku

13. Artesuneti ya malaria kali inachanganywaje?

Kichupa cha miligramu 60 kina unga. Kwanza weka ile mililita 1 ya baikaboneti inayokuja nayo, tikisa hadi maji yawe angavu kabisa. Yakibaki na ukungu, tupa. Kisha ongeza maji ya chumvi au glukosi ya asilimia 5: mililita 5 kwa mshipa wa damu (unapata miligramu 10 kwa mililita), au 2 kwa msuli (miligramu 20 kwa mililita). Usitumie maji ya sindano. Itumike ndani ya saa moja.

Dozi ni miligramu 3 kwa kilo kwa mtoto aliye chini ya kilo 20, na 2.4 kwa aliyefikia kilo 20 au zaidi. Mtoto wa kilo 14: miligramu 42, yaani mililita 4.2 kwenye mshipa au 2.1 kwenye msuli. Hapo kuna mtego: ukichanganya ya msuli ukapima kwa hesabu ya mshipa, umempa mara mbili. Andika kwenye kichupa umechanganya ipi.

Inatolewa saa ya kuingia, masaa 12 baadaye, na masaa 24 baadaye. Hizo tatu hazipungui hata kama mtoto ameamka na anaomba uji. Kisha kila siku hadi aweze kumeza, na amalize kwa dozi kamili ya mseto ya siku 3. Mwambie mama amrudishe akiona weupe wa macho na viganja au mkojo mweusi katika wiki nne zinazofuata. Chembe za damu huweza kuvunjika wiki moja au zaidi baada ya tiba.

14. Mtoto ametapika dawa mseto. Nirudie?

Akitapika ndani ya nusu saa, rudia dozi yote. Akitapika tena na tena, hiyo si kazi ya vidonge. Rudi swali la 13. Mseto hufyonzwa vizuri ukiandamana na mafuta, kwa hiyo apewe na maziwa, uji wenye karanga au chakula cha nazi. Mama anayenyonyesha anyonyeshe tu.

15. Magnesiamu salfeti ya kifafa cha mimba inanitia hofu. Nianzie wapi?

Hofu hiyo ni ya kawaida, lakini mama anayekaa bila dawa kwa sababu muuguzi anaogopa ndiye yuko hatarini zaidi. Ampuli ya kawaida ni ya asilimia 50: mililita 10 ni gramu 5.

Dozi ya kuanzia ina sehemu mbili. Gramu 4 kwenye mshipa wa damu: vuta mililita 8 za dawa, ongeza mililita 12 za maji ya sindano, ziwe 20, ingiza polepole kwa dakika 5 au zaidi. Halafu gramu 10 kwenye msuli: mililita 10 kila tako, kila bomba likiwa na mililita 1 ya lignokaini ya asilimia 2, sababu inauma kwelikweli, na umwambie mapema kwamba atahisi joto mwili mzima. Zahanati isiyo na mtu wa kuweka kanula itoe hizo gramu 10 za msuli, impe rufaa, na barua iandikwe saa ya kuchoma. Hospitali ikipokea barua isiyo na saa hulazimika kuchagua kati ya kurudia na kuacha. Degedege likirudi baada ya dakika 15, gramu 2 nyingine kwenye mshipa kwa dakika 5.

Kila masaa 4 anachomwa gramu 5, tako moja baada ya jingine, hadi masaa 24 baada ya kujifungua au baada ya degedege la mwisho, lolote lililo la baadaye. Lakini kabla ya kila dozi tazama mambo matatu: pumzi 16 au zaidi kwa dakika, goti likigongwa mguu uruke, na mkojo usiopungua mililita 30 kwa saa. Moja likikosekana, subiri na umwite daktari. Pumzi zikisimama: mpumulishe kwa mfuko, na mpe kalsiamu glukoneti gramu 1 (mililita 10 za asilimia 10) polepole kwenye mshipa. Ampuli hiyo ikae ndani ya boksi lilelile la magnesiamu, isitafutwe famasi usiku wa manane.

16. Mgonjwa wa kisukari hana friji. Insulini aiweke wapi?

Isiyofunguliwa inataka nyuzi 2 hadi 8. Iliyofunguliwa huweza kukaa mahali penye ubaridi, pasipo jua, kwa takriban wiki 4. Andika tarehe ya kufungua kwenye kichupa. Mtungi wa udongo unafanya kazi nzuri: kichupa ndani ya kopo kavu lenye mfuniko, kopo ndani ya mtungi unaotoa jasho, kivulini. Isikae dirishani, juu ya televisheni, wala kwenye friza. Iliyoganda itupwe hata ikishayeyuka.

Kipimo chake ni yuniti 100 kwa mililita na bomba lake ni lile dogo la insulini. Yuniti 10 ni mililita 0.1, kwenye bomba la mililita 2 huwezi kuiona vizuri, na kosa la kuzidisha mara kumi huzaliwa hapo.

17. Sukari imeshuka. Nini kwanza?

Anayemeza: vijiko 3 hadi 4 vya chai vya sukari kwenye maji au soda ya kawaida, pima tena baada ya dakika 15, kisha ale chakula. Aliyezimia asiwekewe kitu mdomoni. Mtu mzima: glukosi ya asilimia 50, mililita 50 polepole kwenye mshipa mzuri. Mtoto: ya asilimia 10, mililita 5 kwa kilo. Kama una ya 50 tu, sehemu 1 yake na sehemu 4 za maji ya sindano. Huna glukomita (kipima sukari) na mgonjwa wa insulini amebadilika ghafla? Mpe sukari. Ikizidi kidogo utairekebisha. Ubongo uliokosa sukari hausubiri.

18. "Dawa ya presha nikiizoea sitaiacha." Nimjibu nini?

Kwamba hataizoea kama pombe. Presha ndiyo isiyoondoka. Anameza akiwa mzima ili abaki mzima. Muulize kinachomsumbua, maana mara nyingi mtu haachi dawa bila sababu: kikohozi kikavu cha kaptopili, miguu kuvimba kwa amlodipini, kukojoa njiani kwenye daladala. Yote yana namna ya kurekebishwa na daktari.

Mwanamke anayepata mimba arudi haraka, kwa kuwa kaptopili, enalapili na losatani humdhuru mtoto tumboni. Atabadilishiwa, kwa mfano metildopa. Na ile tabia ya kutoboa kapsuli ya nifedipini na kudondoshea chini ya ulimi ife. Presha ikiporomoka ghafla mtu hupata kiharusi kitandani kwetu.

19. Mgonjwa wa VVU ameanza dawa za TB. Kuna kinachobadilika?

Ndiyo. Rifampisini, mojawapo ya dawa za TB, hupunguza dolutegraviri, dawa ya VVU, mwilini, kwa hiyo pamoja na kidonge chake cha kila siku huongezewa dolutegraviri miligramu 50, masaa 12 baadaye. Mwambie mapema kwamba mkojo na machozi yatakuwa ya rangi ya chungwa. Asipojua atadhani ni damu na ataacha. Rifampisini pia hudhoofisha vidonge vya uzazi wa mpango.

20. Vidonge vya SP vya kumkinga mjamzito na malaria: tumbo tupu, na vipi kuhusu foliki?

Vidonge 3 kwa mkupuo, mbele ya macho yako, kuanzia wiki ya 13, kisha kila baada ya mwezi au zaidi. Tumbo tupu si kizuizi. Foliki ya miligramu 0.4 haina neno. Ile ya miligramu 5 huidhoofisha SP. Anayetumia kotrimoksazoli kwa sababu ya VVU hapewi SP.

## Yasiyo ya kila siku, ila yakitokea hayasubiri

21. Kwa nini ampuli za potasiamu zinafungiwa?

Kwa sababu zinafanana na maji ya sindano na zikiingia moja kwa moja kwenye mshipa moyo husimama. Ampuli ya asilimia 15, mililita 10, ina milimoli 20. Huingizwa ndani ya dripu tu, mfuko ukapinduliwa mara kadhaa ili ichanganyike, kwa kawaida isizidi milimoli 10 kwa saa kwenye mshipa wa mkono, na jina likabandikwa kwenye mfuko. Zisikae kwenye troli.

22. Nimechoma penisilini, mgonjwa anavimba midomo na anapumua kwa shida.

Adrenalini ya 1:1000 kwenye msuli wa paja, sasa hivi: mililita 0.5 kwa mtu mzima, 0.3 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 12, 0.15 kwa aliye chini ya 6. Rudia baada ya dakika 5 kama hakuna nafuu. Mlaze, inua miguu, oksijeni, dripu ya maji ya chumvi. Haidrokotizoni na dawa ya aleji ni baadaye, zisikucheleweshe. Akitulia, mzio uandikwe kwa wino mwekundu juu ya faili na yeye aambiwe jina la dawa alikariri.

23. Mgonjwa anafunga Ramadhani. Dawa zitapangwaje?

Za mara moja au mbili kwa siku hukaa vizuri kwenye futari na daku. Za mara tatu, daktari aulizwe kama kuna mbadala wenye dozi chache. Insulini na glibenklamidi (kidonge cha kisukari) zisihamishwe tu kutoka asubuhi kwenda magharibi, dozi nayo hubadilika, na mazungumzo hayo yafanyike wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama. Kama sindano inafunguza au la, aulize sheikh wake. Sisi tumweleze ugonjwa utafanya nini asipoipata.

24. Anatumia na mitishamba. Nimkataze?

Ukimkaripia ataficha. Uliza kwa upole, "Mama, na nyumbani mmejaribu nini?" Andika jibu kwenye faili, hasa kama ana ugonjwa wa ini au figo, ni mjamzito, au anatumia dawa za kushusha sukari.

25. Nimetoa dawa isiyo yake. Nifanye nini?

Mtazame mgonjwa kwanza: pumzi, mapigo, presha, sukari kama inahusika. Mwite daktari, umtajie dawa, dozi na saa. Kama kuna kizimuaji, yaani dawa ya kukata nguvu ya ile iliyotolewa (swali la 15 lina mfano), kiletwe kitandani. Kisha andika kwenye faili kilichotokea, bila kujitetea na bila kufuta. Mstari mmoja juu ya neno lililokosewa, na saini. Mgonjwa au nduguye aambiwe, na aambiwe na mtu aliyekaa, si anayepita. Ripoti ya tukio ijazwe siku hiyohiyo. Madhara ya dawa yenyewe, kwa Tanzania, yanaripotiwa TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba) kwa fomu ya njano.

Wasimamizi wanaouliza "nani kafanya?" kabla ya "mgonjwa yukoje?" huvuna ukimya, na nimefanya kazi chini ya aina zote mbili. Wodi ya "nani kafanya?" haikuwa na makosa hata moja kwenye daftari kwa mwaka mzima. Hakuna aliyeamini daftari lile, hata aliyelitunza.

Kichupa au ampuli iliyotumika usiitupe. Ibandike plasta, andika saa, iweke mezani kwa msimamizi wa zamu, kwa sababu usiku ukiwa mrefu kila mtu atakumbuka tofauti kilichokuwa kimeandikwa pale.